Alisema ni Urembo

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, "urembo", na Sora alilisema haraka haraka, jinsi mtu anavyotema kitu kichungu kabla watu hawajamwona. Daktari akaliandika kwenye karatasi yake. Gumato, mkewe Sora, alikuwa ameketi kitandani na shuka kifuani, akitazama sakafu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, Septemba ya mwaka wa sabini na tisa, asubuhi kweupe, katika hospitali ya Nairobi. Hakuna aliyejua isipokuwa Sora, naye akajifanya hajui.

Ili jambo hili lieleweke, lazima kwanza tumjue Sora mwenyewe. Pale Isiolo, kuanzia Kiwanjani mpaka Chechelesi, walimwita Sora Ibida. Ibida ni moto kwa Kiborana, na jina lilimkaa kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchoma watu. Si kwa ubaya. Aliyevimba goti, aliyekamatwa na mgongo, aliyeshindwa kuinua bega, wote walikuja uani kwake. Sora alikuwa na kipande cha springi ya lori alichokinoa kwa mikono yake. Alikitia makaani hadi kikawa chekundu, akagusa ngozi pale penye maumivu mara moja, akaondoa. Mgonjwa alipiga kelele, akanywa chai ya maziwa, akaenda zake. Wengi walipona, au walisema wamepona, maana ukishachomwa hivyo, nani anataka kurudi kulalamika?

Lakini mtu apewe haki yake: Sora hakuwa mchomaji wa ovyo. Kabla ya kuweka chuma motoni alimuuliza kila mgonjwa swali moja, na bila jibu hakuchoma. "Kidonda chako cha mwisho kilikauka kwa siku ngapi?" Aliyesema wiki mbili au tatu aliambiwa akae. Aliyesema miezi, Sora alimwondoa pale pale. "Ngozi yako haitaki moto. Nenda nyumbani." Swali hilo alilirithi kwa baba yake na alijivunia sana. Wachomaji wengine, wale wasiouliza, aliwaita wapishi.

Gumato alianza kuumwa viungo mwaka wa sabini na moja, miaka michache baada ya wao kuingia mjini na vyombo vyao mgongoni, mifugo ikiwa imeishia kambini enzi za vita vya shifta. Asubuhi za Julai vidole vyake vilikuwa vyeupe pepepe, kisha vikaanza kukakamaa. Viwiko vikavimba, vikashuka, vikavimba tena. Majirani walisema ni baridi. Siku hizo kila kitu kisichojulikana kilikuwa baridi.

Sora alimchoma mkewe mwenyewe. Angempeleka kwa nani? Alimchoma vifundo vya mikono, bega la kulia, kisha viwiko. Makovu saba kwa jumla, ya mviringo, kila moja na siku zake, na Sora alizikumbuka siku hizo kuliko alivyokumbuka tarehe za kuzaliwa kwa wanawe. Kovu la kwanza lilikauka kwa siku kumi na mbili. La nne lilichukua mwezi na nusu. La saba, la kiwiko cha kushoto, mwaka wa sabini na saba, lilichukua miezi minne likitoka maji, na Sora aliumia moyo kila alipolitazama. Siku lilipofunga alimwambia, "Mama Guyo, sikuchomi tena. Ngozi yako imekataa."

"Basi nitaumwa hivyo hivyo," akajibu Gumato, akachukua vibuyu vyake vya maziwa akaenda sokoni.

Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko sokoni. Alijua chupa, kesho, sukari, ongeza kidogo, na yale maneno ya utani ambayo vijana wa malori waliwarushia wasichana wauza maziwa: "Habari mrembo, leo umeniwekea?" Yeye hawakumrushia. Yeye alikuwa mama wa watu, mke wa Sora Ibida, na hakuna kijana aliyetaka kutaniana na mke wa mtu mwenye chuma cha moto.

Uvimbe wa titi ulionekana mapema mwaka wa sabini na tisa. Gumato aliuficha miezi mitatu kwa haya, kisha ukakataa kufichika. Hospitali ya Meru walimpima wakasema ni kansa, imeshika sana, kisu hakifai. Aende Nairobi akachomwe kwa mashine.

"Akachomwe?" Sora aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Kwa mashine."

Sora alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kumbe hata Nairobi wanachoma! Njia nzima ya kurudi Isiolo alikuwa mtu mwepesi. Aliwaambia majirani kwamba wazungu wamesoma miaka yote hiyo mwishowe wakafika pale pale alipokuwa babu yake.

Ucheshi huo ulimwisha alipoingia kwa daktari, na sababu yake ni ya zamani. Mwaka wa sabini na nne ofisa mmoja wa afya, ambaye baadaye alihamishwa, alimsimamisha Sora mbele ya baraza. Alikiinua kile chuma juu watu wote wakione. "Huyu ndiye anachoma watu kama nyama ya mbuzi!" Watu walicheka. Walicheka hata wale aliowachoma wakapona, na hilo ndilo lililomuuma. Halafu akalala korokoroni siku mbili. Toka hapo, akimwona mtu wa koti jeupe, shingo yake ilisinyaa. Kila alipompeleka Gumato zahanati alimwambia avae mikono mirefu.

Nairobi mikono mirefu haikusaidia, kwa sababu Gumato aliambiwa avue. Daktari alikuwa Mmeru aliyeitwa Mungania, kijana bado, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliuliza maswali yake kwa upole, Sora akatafsiri yale aliyotaka kutafsiri.

"Mzee, mama ako na ugonjwa ingine ya zamani? Sukari? Presha? Viungo kuuma?"

"Hapana, daktari. Huyu ni mzima kabisa. Ni hii titi peke yake."

Daktari aliushika mkono wa Gumato, akaugeuza polepole. Akaona kovu la kwanza, akaona la pili, akapanda hadi kiwiko.

"Na hii alama zote ni ya nini?"

Sora aliliona baraza lote limesimama ndani ya kile chumba. Alimsikia yule ofisa, akazisikia zile kelele za watu. Akawaza: sasa atanitukana mbele ya mke wangu. Atasema nyinyi mnachomana kwanza, mkishindwa mnatuletea maiti. Atatufukuza, na Gumato atakufa na titi lake. Na nyuma ya mawazo hayo yote, lile swali lake mwenyewe lilikuwa linamwita. Kidonda chake cha mwisho kilikauka kwa siku ngapi? Jibu alikuwa nalo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nalo.

"Hiyo ni urembo tu, daktari. Kwetu wanawake wanafanya hivyo, toka wakiwa wasichana."

"Urembo?"

"Urembo."

Gumato aliinua macho kutoka sakafuni, akamtazama mumewe, kisha akavuta shuka na kuuziba mdomo. Sora alidhani anaona haya kukaa uchi mbele ya mgeni. Daktari akaandika.

Wakamchora Gumato mistari ya wino wa zambarau kifuani, wakamwambia asiioshe. Wiki tano alilazwa hapo, na kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili aliingizwa chini ya mashine dakika chache, mlango mzito ukafungwa. Sora alifikia kwa jamaa zake Eastleigh, na kila mchana alikuwa pale kwenye benchi. Siku ya kwanza alimwomba fundi wa mashine amwonyeshe moto. Fundi akamwambia hakuna moto wa kuonekana. Sora alichungulia, akaona kweli: hakuna kaa, hakuna chuma chekundu, hakuna harufu. Akajifariji. Kama hakuna moto, ngozi itakataa nini?

Gumato naye alimshangaza. Mwanamke aliyeondoka Isiolo akilia alikuwa sasa anapaka nywele mafuta. Alimwomba mgonjwa mwenzake hina, akajipaka vidole vile vigumu. Alichoka, alitapika mara mbili, chakula hakikumpendeza, lakini kila alipotoka kwenye ule mlango mzito alikuja kwenye benchi na uso mkunjufu, akaketi karibu na mumewe kuliko ilivyokuwa desturi yake.

"Huogopi?" Sora alimuuliza.

"Siogopi," akasema, akatazama pembeni.

Uvimbe ulipungua. Kufikia Novemba, waliporudi Kiwanjani, ulikuwa umebaki kama punje ya hindi, na jirani yao Asho akapiga vigelegele hadi akakohoa. Sora alichinja mbuzi. Alikaa nje akiwaelezea watu juu ya moto usioonekana, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuwa yeye aliyeushika. Lile neno alilokuwa amelisema lilizama chini kabisa. Alijisamehe mwenyewe, haraka, bila masharti.

Furaha yake haikufika mvua ndefu. Januari ngozi ya kifua ilianza kuwa nyeusi zaidi ya mwili. Ikakaza. Ukiigusa ilikuwa ngumu kama kiatu. Mkono wa upande huo ukashindwa kuinuka, Gumato akawa hawezi kujisuka wala kukoroga ugali. Siku ya tisa ya Februari ngozi ikapasuka yenyewe, ufa mdogo usiozidi ukucha, na Sora alipouona alikaa chini.

Akaanza kuhesabu. Zahanati walimpa dawa ya kupaka na vidonge, Asho akaja kila asubuhi kumwosha kwa maji ya chumvi, na majirani wakasema kitapona, kidonda ni kidonda. Sora aliendelea kuhesabu. Siku ya kumi na mbili ikapita. Mwezi na nusu ukapita. Ufa ukawa shimo, shimo likawa na harufu, na watu waliokuja kumjulia hali wakaanza kukaa karibu na mlango. Siku ya mia moja na ishirini, miezi minne kamili, Sora alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi. Wengine walimwona tu mwanamume anayemlilia mkewe. Hawakujua ameshika hesabu ya nini.

Watu waliendelea kuja na magoti yao na migongo yao. Aliwaambia chuma kimepotea. Kilikuwa kimechomekwa kwenye paa, juu ya kichwa chake.

Juni walirudi Nairobi. Daktari Mungania alifunua kidonda akakitazama. Kisha akaacha kifua, akachukua vidole vya Gumato ambavyo sasa havikukunjika, akavibonyeza kimoja kimoja, akafuata ngozi iliyokaza hadi kwenye lile kovu la kiwiko. Akakiachia kile kiwiko taratibu, akamwambia Sora watoke nje.

"Mzee," alisema wakiwa kwenye ushoroba, "hii vidole ilianza lini?"

Sora aliutazama ukuta. "Miaka tisa."

"Na zile alama?"

"Ni mimi nilimchoma. Viungo ilikuwa inauma. Mimi ndiyo kazi yangu." Ilipokwisha kutoka hiyo, mengine yote yakafuata, yale makovu saba na siku zake, mpaka ile miezi minne ya kiwiko cha kushoto. Akamaliza, akainamisha shingo akisubiri kutukanwa.

Daktari hakumtukana. Aliegemea ukuta, akamweleza kwa maneno ambayo Sora angeweza kuyabeba. Kuna watu, alisema, ambao miili yao inajipigania yenyewe, kama askari aliyegeukia kambi yake. Ngozi yao inakauka, viungo vinavimba, mishipa midogo ya damu inaziba. Mtu kama huyo ukimpa ule moto wa mashine kwa kipimo cha watu wote, kansa inaweza kurudi nyuma, ndiyo, lakini nyama iliyoguswa haijui kupona. Inaendelea kufa polepole.

"Ungejua, ungemwacha bila kuchoma?" Sora aliuliza.

"Pengine. Pengine ningempa kidogo kidogo, au ningejaribu vidonge kwanza. Sijui, mzee. Lakini ningekuwa na kitu ya kuchagua."

"Mimi mwenyewe niliacha kumchoma," Sora alisema. "Miaka miwili mbele ya kuja hapa. Nilimwambia ngozi imekataa."

Daktari alimtazama vizuri, usoni, jinsi ambavyo hakuna mtu wa koti jeupe aliyewahi kumtazama. "Basi hiyo siku wewe ulikuwa unajua kuliko mimi," alisema. Akamshika bega, akarudi ndani kwa mgonjwa.

Sora alitamani angetukanwa. Matusi angeyajibu moyoni, angemchukia daktari, angepata pa kuegemea. Miaka sita alikuwa amekimbia fedheha ya kukemewa, na kwa kuikimbia alimtoa mkewe kafara. Sasa alikuwa amesimama pale na hakuna aliyemkemea.

Hakukuwa na la kufanya zaidi ila dawa za maumivu. Walirudi Isiolo. Guyo, mwana wao mkubwa, aliacha mifugo yake Kipsing akaja kumwona mama, akakaa siku nne, akaondoka bila kuweza kuaga. Sora alijua ni lazima aseme. Alikuwa mtu wa swala, na aliogopa Gumato asije akaondoka bila kujua ni nani aliyemfikisha pale, naye akabaki bila pa kuomba msamaha. Alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza Asho aliingia na uji. Mara ya pili Gumato alikuwa na maumivu. Mara ya tatu hakukuwa na kizuizi chochote, aliogopa tu.

Mara ya nne ilikuwa Agosti, baada ya alasiri. Upepo wa Isiolo ulikuwa umetulia kidogo, vumbi limeshuka, na Sora alikuwa amemtoa mkewe kivulini uani. Asho alikuwa ameitwa kwenye harusi, kwa hiyo Sora ndiye aliyeosha kidonda siku hiyo. Alikuwa na beseni la maji ya chumvi na kitambaa. Maneno alikuwa nayo tayari kwa miezi miwili. Aliyapanga kwa Kiborana, moja baada ya moja.

"Mama Guyo," alianza, "ile siku ya kwanza Nairobi, daktari aliposhika mkono wako akaniuliza juu ya makovu…"

"Naikumbuka," akasema Gumato.

"Subiri nimalize. Nilimjibu…"

"Nilisikia ulivyojibu."

Kitambaa kikasimama mkononi mwa Sora.

Gumato alikuwa anatabasamu. Uso wake ulikuwa umekwisha, mifupa na macho, lakini alikuwa anatabasamu kwa haya, jinsi alivyofanya siku ile nyuma ya shuka. "Unadhani sijui Kiswahili hata kidogo? Lile neno nalijua. Vijana wa malori wanawaita nalo wasichana sokoni. Miaka ishirini na sita, baba Guyo, hujanisifu hata siku moja. Hata harusini hukunisifu. Halafu unakwenda kunisifia mbele ya mgeni, mimi niko kifua wazi, na hili titi bovu!" Alicheka, kicheko kikamuumiza, akanyamaza mpaka maumivu yakapita. "Nilitaka kukuuliza siku ile ile, nikaona haya. Nikawa nalitumia peke yangu. Ule mlango ukifungwa, nikibaki na ile mashine juu yangu, nililirudia lile neno mpaka wafungue. Ndiyo maana sikuogopa."

Sora aliyatazama yale makovu, la kwanza, la nne, la saba.

"Lakini sikulisikia lote," Gumato akaendelea. "Mlisema haraka. Ulimwambia nini hasa? Niambie kwa lugha yetu."

Yale maneno ya miezi miwili yalikuwa yamejaa kinywani mwake. Aliyashikilia, akachovya kitambaa kwenye maji, akakikamua, akakichovya tena.

"Nilimwambia," alisema, "kwamba mke wangu ni mrembo."

Gumato alifumba macho.

"Rudia," alisema.

Sora akarudia.